Kitufe cha Kurudi na Kurasa Zisizotaka Urudi

Kivinjari cha kwanza duniani kilizaliwa mwishoni mwa mwaka 1990 huko CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na tangu siku zake za mwanzo kilikuwa na amri ya kurudi nyuma. Tim Berners-Lee alikiandika kwenye kompyuta ya NeXT, na amri hiyo aliiweka kwenye menyu ya kutembelea kurasa. Mwaka uliofuata kikaja kivinjari kingine, kazi ya Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Leicester aliyekuwa CERN kwa mafunzo ya vitendo. Hiki hakikuhitaji kipanya wala picha. Viungo vilipewa namba. Msomaji aliandika namba akaenda, na akitaka kurejea aliandika neno moja la amri. Kwenye skrini ile ya herufi tupu mambo mengi ya wavuti tunayoyajua leo hayakuwepo. Kurudi kulikuwepo.

Sababu yake inaeleweka ukitazama hali ya wavuti yenyewe. Haikuwa na ramani. Kurasa zilikaa kwenye kompyuta za vyuo na maabara mbalimbali, kila mtu akiandika chake na kukiunganisha na cha mwenzake bila kuomba ruhusa. Aliyechagua kiungo hakujua anakokwenda mpaka afike. Ujasiri wake ulitokana na uhakika kwamba asipopenda alikofika, atarudi alikotoka. Nadhani tunausahau upesi uzito wa uhakika huo. Ukiondolewa, kila kiungo kinageuka kamari, na watu hubonyeza kwa kusita au hawabonyezi kabisa.

Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina, wakiwa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa Mosaic, kivinjari kilichoitoa wavuti mikononi mwa wanasayansi na kuipeleka kwa watu wa kawaida. Kwenye toleo lake la kompyuta za Unix, vitufe vilipangwa mstari mmoja chini ya dirisha, na cha kurudi kilikuwa miongoni mwao. Kivinjari cha Netscape kilipoanza mwaka 1994, kitufe hicho kikapanda juu kushoto, na hapo ndipo kilipobaki katika vivinjari vya kompyuta hadi leo.

Watafiti hawakuchelewa kupima kinavyotumika. Mnamo Agosti 1994 Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia Tech walifuatilia watumiaji 107 kwa wiki tatu. Waligundua kwamba asilimia 52 ya hatua zao zilikuwa kubonyeza viungo, na asilimia 41 kurudi nyuma. Miaka mitatu baadaye Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary walionyesha kwamba asilimia 58 ya kurasa zilizofunguliwa zilikuwa zimeshafunguliwa na mtu yuleyule hapo awali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuvinjari ilikuwa kwenda hatua moja au mbili, kutazama, na kurejea. Kitufe cha kurudi kilikuwa karibu nusu ya mwendo wenyewe.

Nyuma ya kitufe hicho kuna orodha, na orodha hiyo hufanya kazi kama rundo: kila ukurasa unaofunguliwa hulazwa juu ya uliotangulia, na kurudi ni kushuka hatua moja. Ukishuka hatua tatu kisha ukafuata kiungo kipya, zile tatu za juu hufutwa. Andy Cockburn na Steve Jones waliandika mwaka 1996 kwamba watumiaji wengi hawakuielewa kanuni hii; walitarajia kitufe kikumbuke kila walikopita kwa mpangilio wa wakati. Hata hivyo, kutoielewa hakukuwaumiza sana. Kwa safari fupi za kwenda na kurudi, rundo lilitosha.

Lakini ni ukurasa upi unaostahili kulazwa kwenye rundo? Swali hilo mwanzoni halikuulizwa, kwa sababu jibu lilionekana wazi: ule uliofunguliwa. Uwazi huo ulitoweka siku kurasa zilipoanza kuhama.

Itifaki ya HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, ililiona jambo la kuhama mapema. Tayari katika rasimu za mwaka 1992 seva ilipewa misimbo ya kumjibu anayeomba ukurasa uliohama: 301 kwa ukurasa uliohama kabisa, 302 kwa ulio kwingine kwa muda. Misimbo hiyo ilirasimishwa Mei 1996 katika waraka wa HTTP/1.0 ulioandikwa na Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk. Seva inapojibu 301, hutuma anwani mpya, na kivinjari huenda huko papo hapo bila kumwonyesha msomaji chochote. Mgeni anabisha hodi, jirani anachungulia dirishani na kumwambia kwamba mwenyeji alihamia mtaa wa pili. Mgeni hajavua hata viatu. Jioni akiulizwa alikuwa wapi, atataja nyumba alimokaribishwa.

Na kivinjari kilifanya hivyohivyo. Anwani ya zamani haikuingia kwenye rundo, kwa kuwa hapakuwa na ukurasa wa kulaza. Ukibonyeza kurudi, unarejea pale ulipobonyeza kiungo, na lile jibu la katikati halina alama yoyote. Huu ndio mwenendo sahihi, na hakuna aliyehitaji kuupigania: ulitokana na umbo la itifaki yenyewe. Kama kurasa zote zingehama kwa njia hiyo, simulizi hii ingeishia hapa.

Tatizo ni kwamba msimbo wa 301 hutolewa na seva, na wenye kurasa wengi hawakuwa na seva. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watu kwa mamilioni walianza kuweka kurasa zao kwenye nafasi za bure kama zile za GeoCities, au kwenye kona ndogo waliyopewa na chuo au kampuni iliyowauzia intaneti. Waliweza kubadili maandishi ya ukurasa. Mipangilio ya seva ilikuwa mikononi mwa fundi aliyejifungia kwenye chumba ambacho hawakukifahamu. Mtu wa namna hiyo akihama, angefanya nini?

Netscape ilimpa jibu bila kukusudia. Toleo lake la 1.1, la mwaka 1995, liliruhusu ukurasa kubeba ndani yake agizo la kukiambia kivinjari kiupakie upya baada ya sekunde kadhaa, au kipakie anwani nyingine. Lengo lilikuwa kurasa zinazobadilikabadilika, kama picha ya kamera inayojisasisha. Wenye kurasa waliona matumizi mengine mara moja. Ukiandika sekunde sifuri na anwani mpya, ukurasa wa zamani unakuwa mlango unaokusukuma mbele punde tu unapoufungua. Mwaka huohuo Brendan Eich wa Netscape akabuni lugha ya programu ya JavaScript, nayo ikaleta njia ya pili ya kufanya jambo lilelile.

Kwa macho, msomaji hakuona tofauti na ule msimbo wa 301. Alibonyeza kiungo, akafika. Tofauti ilijitokeza alipotaka kurudi. Kwa sababu ukurasa huo wa zamani, uliosimama katikati, ulikuwa kamili, wenye anwani na maandishi, kivinjari kiliulaza kwenye rundo kama mwingine wowote. Msomaji akibonyeza kurudi, kivinjari kilishuka hatua moja hadi kwenye ukurasa wa katikati, ukurasa ukasoma agizo lake la sekunde sifuri, na msomaji akajikuta palepale alipokuwa. Akibonyeza tena, ilikuwa vilevile. Wajanja walijifunza kubonyeza mara mbili kwa kasi kabla ukurasa wa katikati haujaamka, au kushikilia kitufe mpaka orodha ya safari ifunguke na kuchagua hatua ya chini zaidi. Wengine walifunga dirisha na kuanza upya.

Inafaa kukaa kidogo na hali hii, kwa sababu hakuna mtu mbaya ndani yake. Mwenye ukurasa alitaka kuwasaidia wageni wake wasipotee. Netscape ilitaka kurasa hai. Kivinjari kilitekeleza kwa uaminifu kanuni yake ya kulaza kila ukurasa uliofunguliwa. Aliyeumia alikuwa msomaji, ambaye hakuomba kufunguliwa ukurasa ule wa katikati na pengine hakujua kama upo. Kitufe kilikuwa kinahesabu kurasa zilizopakiwa, wakati yeye alihesabu mahali alipokuwa. Kwa miaka mitano ya kwanza hesabu hizo mbili zilikuwa zikilingana, na sasa zikaachana.

Fremu ziliongeza mkanganyiko. Navigator 2.0 ya Netscape iligawanya dirisha katika vipande, kila kipande na ukurasa wake, na kitufe cha kurudi kikawa kinamtoa msomaji nje ya vipande vyote kwa mkupuo, hata kama alitaka kurudisha kimoja tu. Watu walilalamika sana. Toleo la 3.0, la mwaka 1996, lilirekebisha hilo, na likaleta pia kitu kidogo ambacho hakikupigiwa kelele ila kwa maoni yangu kina thamani kubwa katika simulizi hii: amri ya JavaScript ya kubadilisha ukurasa uliopo kwa mwingine bila kuongeza hatua kwenye rundo. Ukurasa wa kupitia ukitumia amri hiyo, nafasi yake inachukuliwa na ukurasa mpya, nao hauachi alama. Dawa ilikuwa imepatikana ndani ya miaka miwili ya ugonjwa. Ila ilimhitaji mwenye ukurasa aijue na aitumie, na wengi waliendelea kunakili mstari uleule wa sekunde sifuri walioukuta kwenye ukurasa wa jirani.

Mwaka 1999 malalamiko yalipata sauti rasmi. Mnamo Mei miongozo ya kwanza ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuhusu kuwafikia watumiaji wenye ulemavu iliwataka wenye tovuti wasielekeze watu kwa maandishi ya ndani ya ukurasa. Kazi hiyo waiachie seva. Fikiria mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na mashine: sauti imefika sentensi ya pili, na ukurasa unaondoka. Mwezi huohuo Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alitoa orodha yake ya makosa kumi ya usanifu wa wavuti kwa mwaka huo, na kosa alilolipa nafasi ya kwanza lilikuwa kuharibu kitufe cha kurudi. Alitaja njia zake: kufungua madirisha mapya, kuzuia kivinjari kisihifadhi kurasa, na kuelekeza papo hapo kiasi kwamba kila anayerudi hurushwa mbele tena. Baadaye W3C ilirudia ushauri uleule kwa wenye tovuti wote: elekezeni kwa misimbo ya HTTP.

Ushauri huo ulikuwa sahihi, lakini ulielekezwa kwa watu wema. Wakati huo walishajitokeza wengine ambao kitufe kilichoharibika kilikuwa ndiyo biashara yao.

Mwaka 2001 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilimshtaki John Zuccarini katika mahakama ya shirikisho. Tume ilidai kwamba alikuwa amesajili zaidi ya anwani 5,500 zinazofanana na za tovuti maarufu, tofauti ikiwa herufi moja au mbili. Jina la Britney Spears pekee lilikuwa na anwani 41 zilizokosewa tahajia. Mtoto aliyeandika vibaya jina la kituo cha katuni aliangukia kwenye kurasa hizo, na madirisha yakaanza kumiminika moja baada ya jingine, matangazo ya kamari, ya bahati nasibu, ya ponografia. Kila dirisha lililofungwa lilizaa jingine. Mtumishi mmoja wa Tume, akikusanya ushahidi, alifunga madirisha 32 hadi yakabaki mawili. Akabonyeza kitufe cha kurudi. Madirisha saba yaliyoanzisha gharika yalifunguka tena, na mzunguko ukaanza upya.

Kila tangazo lililoonekana lilimlipa Zuccarini, kwa hiyo kila dakika ambayo mgeni alishindwa kutoka ilikuwa pesa. Mwaka 2002 mahakama ilimwamuru alipe karibu dola milioni 1.9. Hakuacha. Septemba 2003 alikamatwa Florida chini ya sheria mpya iliyokataza kutumia majina ya anwani ya udanganyifu kuwaingiza watoto kwenye ponografia, akakiri, na mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Sheria ilimfunga kwa sababu ya majina ya uongo na watoto. Hakuna sheria iliyosema kwamba msomaji ana haki ya kurudi alikotoka. Ulinzi huo ungetoka mahali pengine, ndani ya kivinjari chenyewe.

Waandishi wa vivinjari walikuwa wameshaanza kujiuliza lile swali la zamani: ukurasa upi unastahili kulazwa? Jibu lao la kwanza lilikuwa saa. Ukurasa ukimwondoa msomaji haraka, basi ulikuwa wa kupitia tu, na mrithi wake achukue nafasi yake kwenye rundo. Ukikaa muda wa kutosha, ulikuwa mahali pa kusoma, ulazwe. Katika msimbo wa Mozilla, uliozaa Firefox, kikomo kiliwekwa sekunde 15. Katika WebKit, msingi wa Safari na baadaye wa Chrome ya mwanzo, kikomo kilikuwa sekunde moja.

Tofauti hiyo ya 15 na moja ni jambo la kuzingatiwa. Timu mbili za watu makini zilikubaliana kuhusu kanuni, zikatofautiana mno kuhusu kipimo. Naamini ni kwa sababu kipimo chenyewe hakikuwa cha kweli. Ukurasa unaosema tovuti imehama na kwamba utapelekwa huko baada ya sekunde 10 una maneno ya kusomwa, na huenda mtu akataka kurudi kuyasoma. Kwa upande mwingine, kwenye mtandao wa polepole ukurasa mtupu wa kupitia unaweza kung'ang'ania skrini muda mrefu kabla seva inayofuata haijajibu. Saa haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Kiwango cha HTML kinachotumika sasa kimeachana na ubishi wa sekunde: agizo la kuelekeza lililo ndani ya ukurasa huchukuliwa kuwa badiliko la ukurasa uleule, siyo hatua mpya. Vivyo hivyo JavaScript inayoelekeza kwingine kabla ukurasa haujamaliza kupakiwa, bila mtumiaji kugusa kitu.

Wakati haya yakiendelea, kuelekeza kulipata kazi nyingine, na safari hii kulikuja kukiokoa kitufe cha kurudi. Ni katika fomu. Ukijaza fomu ya kununua tiketi na kuituma, kivinjari hutuma data kwa seva, na seva hujibu kwa ukurasa wa shukrani. Kwenye rundo, ukurasa huo wa shukrani umeambatana na data uliyotuma. Ukienda mbele kisha ukarudi, au ukiupakia upya, kivinjari hakina budi kuuliza kama kitume data tena. Anayejibu ndiyo bila kusoma ananunua tiketi ya pili. Ndiyo maana kurasa za malipo zilijaa maonyo yanayomsihi mteja asibonyeze kitufe cha kurudi, maonyo ambayo mimi huyaona kama kukiri kwamba tovuti imejengwa vibaya na mzigo wa ubovu huo ametwishwa mteja.

Suluhisho lilikuwa ndani ya itifaki. HTTP/1.1, mwaka 1997, ilileta msimbo wa 303: data imepokelewa, sasa nenda ukasome matokeo kwenye anwani ile. Ulihitajika kwa sababu vivinjari vilikuwa vikitumia 302 kwa kazi hiyo kinyume cha maandishi ya kiwango, na toleo la mwaka 1999 likalazimika kukiri hivyo waziwazi na kuongeza 307 kwa ajili ya maana ya asili. Mtindo wa kutuma, kuelekezwa, kisha kusoma ulikuwa ukitumiwa na mafundi kabla haujapata jina. Mwaka 2004 Michael Jouravlev aliueleza kwa kina katika makala iliyosomwa sana na waandishi wa programu, na leo mifumo mingi ya kujengea tovuti inawafundisha wanaoanza kwamba ndivyo fomu inavyotakiwa kushughulikiwa. Kitendo cha kutuma hakibaki kwenye rundo. Kinachobaki ni ukurasa wa matokeo, ambao unaweza kurudiwa mara mia bila senti kutoka mfukoni.

Waraka ule wa HTTP wa 1999 ulikuwa na ibara nyingine fupi ambayo laiti ingesomwa na wengi. Ulisema kwamba historia ya kivinjari na akiba yake ni vitu viwili tofauti: anayerudi anapaswa kuonyeshwa kile alichokiona wakati ule, siyo hali mpya ya ukurasa. Kwa miaka mingi vivinjari vilishindwa kutimiza hilo kikamilifu. Kurudi kulimaanisha kupakia na kuendesha upya, na hapo ndipo mitego yote ilipopatia uhai wake, kwa maana ukurasa usioendeshwa upya hauwezi kukusukuma. Opera ilikuwa mbele ya wenzake kwa kurudisha kurasa haraka. Firefox 1.5, Novemba 2005, ilianza kuhifadhi ukurasa mzima kwenye kumbukumbu kama ulivyoachwa, hadi maandishi yaliyokuwa nusu kwenye fomu. Chrome ya kompyuta ilifika huko mwishoni mwa 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2016, ilikuwa imekinyang'anya kitufe cha kufuta herufi cha kibodi kazi yake ya pili ya kurudisha ukurasa, kwa kuwa watu walikuwa wakipoteza fomu walizojaza kwa mguso mmoja wa bahati mbaya.

Kisha kurasa zikaacha kuwa kurasa. Gmail ilipokuja mwaka 2004, mtu aliweza kushinda mchana kutwa kwenye anwani moja akifungua barua, akijibu, akitafuta, huku kivinjari kikijua kwamba hajatoka ukurasa wa kwanza. Akibonyeza kurudi ili afunge barua, angetupwa nje ya sanduku lote la barua. Waandishi wa programu walibuni hila za kila aina: fremu zilizofichwa, maandishi baada ya alama ya reli kwenye anwani. Kati ya mwaka 2010 na 2011 vivinjari kadhaa viliwapa njia halali, amri ya JavaScript inayoruhusu ukurasa wenyewe kuongeza hatua kwenye rundo.

Kwa programu njema hiyo ilikuwa neema. Lakini sasa ukurasa wowote ungeweza kulaza chini ya miguu ya msomaji hatua ambazo hakuzipiga. Tovuti za matangazo zilijaza hatua kumi za uongo mara tu zilipofunguliwa, ili anayerudi abaki palepale, au aangukie kwenye ukurasa wa matangazo uliovaa sura ya matokeo ya utafutaji. Mtego wa 1995 uliokuwa ajali ulikuwa umerudi, na safari hii kwa makusudi.

Mwaka 2019 Chrome ilianza kutoa jibu ambalo naliona kuwa la haki kuliko yote yaliyotangulia. Iliacha kuuliza ukurasa ulikaa sekunde ngapi, ikauliza mtumiaji alifanya nini hapo. Hatua iliyoongezwa, au ukurasa uliomsukuma mtu mbele, bila yeye kubonyeza wala kugusa chochote ndani yake, hurukwa anapobonyeza kurudi. Haifutwi. Anayeshikilia kitufe na kufungua orodha ataiona na anaweza kuichagua. Kwa mara ya kwanza kitufe kilianza kuhesabu kwa hesabu ya msomaji: mahali alipokuwa, akafanya jambo, akaamua kuondoka.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina bei. Wengi wetu tuliijua intaneti kupitia simu ndogo na Opera Mini, kivinjari kilichopendwa hapa kwa sababu kilibana kurasa kwenye seva zake kabla ya kuzituma, na bando likadumu. Anayelipia kila megabaiti hanaswi kwenye mzunguko wa kurasa bure. Kila mara anaporushwa mbele, ukurasa wa matangazo na video zake hupakiwa tena kwa pesa yake. Na kwenye simu nyingi za leo kurudi ni kutelezesha kidole ukingoni mwa skrini. Orodha ya safari imefichwa mahali ambapo wachache wanapajua, kwa hiyo ile njia ya wajanja wa zamani haipo karibu.

Kurasa za kupitia zimeongezeka kuliko wakati wowote. Anayeingia kwenye huduma kwa akaunti ya huduma nyingine huzungushwa kwenye anwani tatu au nne kabla hajafika, baadhi kwa misimbo ya seva isiyoacha alama, baadhi kwa fomu zinazojituma zenyewe. Viungo vilivyofupishwa na viungo vya kuhesabu mibofyo navyo husimama katikati. Mwenye tovuti makini bado anao wajibu ule wa zamani: ukurasa ukihama, seva iseme; fomu ikipokelewa, ijibiwe kwa 303; JavaScript ikilazimika kuelekeza, itumie amri ya kubadilisha, si ya kuongeza. Kivinjari ni kinga ya mwisho, na kinga hiyo ina tundu ambalo wenye mitego wameshaliona. Mguso mmoja wa mtumiaji, popote kwenye ukurasa, unatosha kuufanya uhesabike kuwa mahali alipokuwa. Siku hizi tovuti nyingi humpokea mgeni kwa kisanduku kinachomtaka akubali kufuatiliwa kabla hajasoma neno. Akikigusa ili kiondoke, ukurasa umeshapata ruhusa iliyokuwa ikikosekana ili hatua zake za uongo zihesabike.

Mguso wa namna hiyo usingepaswa kuhesabiwa kuwa idhini ya kitu chochote. Kuutenganisha na mguso wa mtu aliyechagua kweli ni kazi ngumu, na ndiyo iliyo mezani kwa waandishi wa vivinjari sasa.